Timu ya Chuo Huandikwa kwa Penseli

Kwetu Mombasa mtu wa umri wangu akitaja "chuo" hana budi afafanue. Chuo nilichokijua mimi mwanzo ni kile cha Kurani: mkeka, mwalimu, ubao wa kuandikia, na ada ya Alhamisi iliyofungwa kwenye ncha ya leso ya mama. Vijana wa leo wakisema chuo wanakusudia chuo kikuu, au cha ualimu, au cha uganga, na hicho ndicho nitakachokizungumza. Na hasa timu ya mpira wa vikapu ya wasichana ya chuo kimoja kidogo huko Ukambani, orodha ya wachezaji wake, watu wanaowafunza, na fedha zinazowaendesha. Najua yuko msomaji atakayeuliza, mpira unatafuta nini katika ukurasa wa utamaduni? Namwomba anivumilie kidogo. Nilipofunguliwa daftari la timu ile niliona ndani yake mambo ya elimu ya nchi hii ambayo sijapata kuyasikia katika hotuba yoyote ya mahafali.

Kisa chenyewe kilianzia nyumbani. Kaka yangu ana binti aliyeujulia mchezo huu hapa hapa Mombasa, akichungulia mazoezi ya timu ya Bandari pale Makande mpaka siku moja akaambiwa aache kuchungulia, aingie. Alipomaliza shule, mgao wa vyuo ukamtupa Kitui, mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulala hata usiku mmoja. Sasa yuko mwaka wa pili. Mapema mwaka huu chuo cha binafsi cha Nairobi kikamletea ujumbe: njoo utuchezee, nasi tutakusamehe nusu ya karo. Baba yake alifurahi, mama yake akaingia shaka, na kama ilivyo desturi ya kwetu jambo likiwagawa watu wa nyumba moja, likaletwa kwa ami. "Nenda ukamwone," kaka akaniambia. "Nyinyi watu wa magazeti mnajua kuuliza."

Sitavitaja vyuo hivi kwa majina, kile alichomo wala kile kilichomwita. Sikwenda kushitaki mtu, na hali niliyoikuta huko ingeweza kukutwa katika vyuo vingi vidogo, vya bara na vya kwetu Pwani.

Nilishukia Kibwezi, upande wa Makueni, nikaliacha basi la Nairobi liende zake, nikapanda gari la abiria la kwenda Kitui kwa njia ya Mutomo. Zamani hii ilikuwa njia ya vumbi na dua. Siku hizi lami imeifika. Unapita kati ya mibuyu, unauvuka Mto Athi, na ng'ambo ya mto ndiyo Kitui. Nchi ni kavu, watu wake wamezoea kuhesabu maji kama sisi tunavyohesabu pesa za sikukuu. Lakini asije mtu akadhani kwamba ni nchi isiyo na elimu ya juu. Kwa Vonza pana SEKU, chuo kikuu kilichoanza kama chuo cha kilimo cha Ukambani, kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kikapata hati yake mwaka 2013. Nacho kina matawi hata Wote na Mtito Andei, katika Makueni. Makueni pia ina Chuo Kikuu cha Lukenya. Vipo na vyuo vya uganga na vya ufundi. Vijana ni wengi, na Wakamba tangu zamani wanasifika kwa ngoma za kuruka na kupinduka hewani, hivi kwamba mtu akiniambia huko hakuna miguu ya kufaa mpira wa vikapu nitamcheka.

Kinachokosekana ni kiwanja. Mpira wa miguu huchezwa popote penye vumbi, na wa wavu unataka miti miwili na kamba. Wa vikapu unataka sakafu ngumu ya mita 28 kwa 15, na chuma kilichosimamishwa mita 3.05 juu ya ardhi, na mpira unaodunda kweli kweli. Kile cha chuo nilichokwenda ni cha saruji, hakina paa, mistari yake imefutika upande wa mashariki. Mazoezi huanza saa kumi na moja jioni, kwa sababu kabla ya hapo saruji inachoma raba, na hufungwa saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu taa hakuna. Mipira ilikuwa minne, na mmoja kati yake, kocha alinieleza bila ya kucheka, ni wa kujazia picha.

Kocha huyu si kocha kwa kazi. Ni fundi wa maabara. Mchana huosha chupa na kupima dawa za wanafunzi wa sayansi, jioni hufundisha timu mbili, ya wavulana na ya wasichana, kwa zamu. Chuo kina afisa mmoja wa michezo, naye ana michezo yote juu ya kichwa chake, kuanzia mpira wa miguu mpaka kuvuta kamba, basi akashukuru kupata mtu aliyewahi kucheza. Msaidizi wa kocha ni msichana wa mwaka wa nne aliyeumia goti, akawa hachezi tena, akapewa firimbi. Wa tatu ni mama mmoja wa zahanati ya chuo, ambaye huja na kisanduku chake cha dawa akakaa chini ya mti. Hajui sheria hata moja ya mchezo, lakini anajua kifundo cha mguu cha kila mchezaji. Hiyo ndiyo safu nzima ya wakufunzi. Mshahara wa ukocha hakuna. Nilimwuliza kocha analipwa nini akaniambia, "Mzee wangu, mwisho wa mwaka hunipa fulana." Nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, aliyeishi kwa ile ada ya Alhamisi, ambayo nusu ya wiki haikuja, wala hakumfukuza mtoto hata mmoja.

Sasa tuje kwenye daftari. Ni daftari la kawaida la mraba, kama lile la mtoto wa shule. Ukurasa wa kwanza una nambari moja mpaka kumi na mbili, maana timu ya mpira wa vikapu huandikisha wachezaji kumi na wawili, watano wakawa uwanjani na saba wakangoja. Majina yalikuwa kumi. Mbele ya kila jina pameandikwa darasa, kimo, nambari ya kiatu, na katika safu ya mwisho neno moja: karo. Majina yameandikwa kwa wino. Safu ya karo imeandikwa kwa penseli.

Nikauliza kwa nini. Kocha akanieleza kwamba kucheza katika mashindano ya vyuo vikuu, yanayosimamiwa na chama cha KUSA, kunataka mtu awe mwanafunzi aliyeandikishwa muhula huo. Na kuandikishwa kunafuata karo. Kila muhula huingia na kalamu yake na kifutio chake. Msichana mmoja, mrefu kuliko wote, mtoto wa Mutomo, amefutwa na kuandikwa tena mara tatu: baba yake anauza mbuzi, na bei ya mbuzi ukame ukija huanguka. Mwingine, wa Makueni, huandikwa vizuri miaka ambayo maembe yamekubali. "Mimi huwa sichagui timu," kocha alisema. "Huletewa." Neno hili nimelipima sana. Waandishi wa michezo tunaandika kwamba kocha fulani amemwacha fulani na kumchukua fulani, kana kwamba orodha inatoka kichwani mwake. Katika chuo kidogo orodha hutoka katika dirisha la karani wa karo. Kocha huipanga tu ile iliyobaki.

Hapo ndipo mambo ya timu yanapoingiana na mambo ya nchi. Zamani mwanafunzi aliyefadhiliwa na Serikali alilipa shilingi 16,000 za mafunzo kwa mwaka, awe mtoto wa tajiri au wa mvuvi. Mwaka 2023 ukaja mpango mpya wa kuwapima wanafunzi kwa uwezo wa nyumba zao, na makundi yakawa matano. Aliye katika kundi la kwanza hupewa ruzuku ya asilimia 70 ya gharama, mkopo wa 25, na nyumba yake ikatoa 5. Wa kundi la tano hupata ruzuku ya 30 na mkopo wa 30, na 40 hutoka mfukoni mwa mzazi. Disemba 2024 Mahakama Kuu iliuona mpango huu kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufani ikaizuia hukumu hiyo. Sina nia ya kuingia baina ya mahakimu. Ninachosema ni kwamba karatasi ya kundi huweza kuchelewa, na mkopo huweza kuchelewa zaidi, na kila siku inayochelewa ni siku ya penseli katika daftari la kocha. Na tena, fedha za michezo zenyewe hutoka katika ada ndogo ambayo kila mwanafunzi hulipa pamoja na karo. Karo isipoingia, na ada haikuingia. Kwa hiyo msichana asiyelipa huiumiza timu mara mbili: huiondolea mchezaji, na huiondolea mafuta ya basi.

Ama kuhusu basi, hili ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote. Mimi nilidhani matumizi makubwa ya timu ni viatu na mipira. La. Kocha alinigeuzia kurasa, moja baada ya moja, na kila ukurasa ulikuwa safari: mafuta, dereva, chakula cha mchana cha watu kumi na watano. Timu za vyuo vya Nairobi huvuka barabara mbili wakawa wamefika kwa wapinzani wao. Ya Kitui hulala njiani. Na fedha hizi hutolewa kwa masurufu: unapewa, unatumia, unarudi na stakabadhi, unafunga hesabu. Sheria ya fedha za umma inasema asiyefunga ya kwanza hapewi ya pili, nayo ni sheria nzuri, maana tunawajua watu wetu. Lakini angalia inavyotenda kazi kwa fundi wa maabara. Safari ya mwisho ya mwaka jana dereva alitia mafuta katika kituo kidogo ambacho mashine yake ya risiti ilikuwa imeharibika. Wakampa karatasi ya mkono. Karani hakuikubali. Tangu siku hiyo hesabu haijafungwa, na kwa kuwa haijafungwa, mechi ya Jumamosi niliyoikuta ilikuwa haina shilingi.

Wala si karani mbaya. Nilikaa naye, akanitilia chai. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, ulioanza 17 Septemba ukaisha 5 Novemba, siku 49, ulikuwa juu ya shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mwaka 2017 mpaka 2021. "Kama profesa anangoja miaka yote hiyo haki aliyoitia saini," akasema, "wewe unataka nimwambie nani habari za mpira?" Siku zile 49, kocha aliniongezea baadaye, nusu ya timu ilikuwa imerudi makwao, na waliobaki walifanya mazoezi sita kwa sita, wanne wao wakiwa wavulana.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee, na ndiyo maana tusistaajabu vyuo vyenye mkono uliojaa vikiwavuta wachezaji. Nairobi vyuo vya binafsi kama USIU, Strathmore na Zetech vinajulikana kwa kuwapunguzia karo wanamichezo. Hilo si dhambi. Ni heri mtoto asomeshwe kwa mkono wake wa kurusha kuliko asisomeshwe. Huko Marekani jambo hili limefika mahali pengine kabisa. Juni 2025 mahakama huko ilipitisha suluhu iliyoviruhusu vyuo vikubwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kwa kiwango cha kama dola milioni 20.5 kila chuo kwa mwaka wa kwanza. Wakati huo huo, katika nchi ile ile, mamia ya vyuo vidogo vilivyo katika daraja la tatu la chama chao, NCAA, haviruhusiwi kutoa hata senti moja ya ufadhili kwa ajili ya mchezo. Mtu hucheza kwa kuwa anasoma hapo, basi. Na mchezo wenyewe, tusisahau, ulizaliwa katika chuo kisicho na makadirio. Mwaka 1891, Springfield, mwalimu James Naismith alikuwa na darasa la vijana kumi na wanane, baridi nje, hawana la kucheza ndani. Akamwomba msimamizi wa jengo masanduku mawili. Hakuwa nayo, akampa vikapu viwili vya matunda. Vikapigiliwa kwenye roshani. Hapakuwa na stakabadhi.

Na sisi tunaye shahidi wetu juu ya vyuo vidogo. Februari 2021, huko Yaoundé, Kenya iliipiga Angola, wafalme wa mchezo huu Afrika, kwa alama 74 kwa 73, na mrusho wa mwisho ulikuwa wa Tylor Okari Ongwae. Mwaka huo Kenya ikarudi katika mashindano ya Afrika baada ya miaka 28. Ongwae huyu, kabla ya kujulikana, alipita chuo cha Ranger, katika mji mdogo wa Texas ambao wasomaji wangu wengi hawajapata kuusikia. Lakini Ranger ilikuwa na njia ya kumvusha kwenda mbele. Mtoto wa Kitui njia yake ni ujumbe wa simu kutoka kwa mtu asiyemjua.

Nilimkuta mwanangu huyo uwanjani. "Shikamoo ami," akasema, mpira ukiwa bado unadunda chini ya kiganja chake, na hata nilipomwitikia hakuutazama. Tukaketi watatu, yeye, kocha na mimi, na mama wa zahanati kando, tukaufungua ule ujumbe wa Nairobi na kuutia katika hesabu.

Sisi tuliofundishwa mirathi tangu udogoni, sehemu zinatutoka mdomoni kama majina ya ndugu: nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumuni. Nikamwuliza yuko kundi gani. La tatu: ruzuku asilimia 50, mkopo 30, nyumbani 20. Kwa hiyo kaka yangu sasa hutoa humusi, yaani sehemu moja katika tano, ya gharama ya chuo cha umma. Chuo cha Nairobi kinamsamehe nusu ya karo. Lakini karo yao ni kubwa, na kwa mpango wa Serikali ruzuku ni ya walio katika vyuo vya umma. Akihamia cha binafsi ataweza kuomba mkopo, ruzuku ataiacha Kitui. Nusu ya karo kubwa dhidi ya humusi ya karo ndogo: tuliiandika chini, na kalamu ikaonyesha kwamba kaka yangu, aliyekuwa amefurahi, angetoa zaidi kuliko anavyotoa leo. Zawadi ilikuwa na deni ndani yake, wala sidhani kwamba aliyeileta alidanganya. Yeye alihesabu anachotoa, hakuhesabu tunachopoteza.

Ningeweza kukomea hapo, nikampigia kaka simu, nikarudi zangu Mombasa. Kocha ndiye aliyenikataza. Mimi nilitarajia atatetea timu yake, maana huyu ndiye mchezaji anayeuleta mpira kutoka nyuma, na bila yeye wale wengine tisa husimama kama watu waliopotezwa na dereva. Badala yake akasema, "Mzee, fedha si hoja yote. Huku akicheza vizuri tunamwona mimi na mbuzi. Nairobi atacheza chini ya paa, atacheza ligi, watu wa Equity na wa Bandari watamwona. Mimi ningekuwa na umri wake ningekwenda." Kisha akanyamaza, akaongeza: "Ila waulizeni habari ya goti." Akamtazama yule msaidizi wake mwenye firimbi. Msamaha wa karo uliofungwa kwenye mpira, mchezaji akiumia unaendelea au unakatika? Ujumbe haukusema.

Chanda chema huvikwa pete. Sawa, lakini aliyekilea chanda hupata nini? Katika mpira wa miguu, Shirikisho la Dunia limeweka sheria kwamba mchezaji akiuzwa, sehemu ya fedha, mpaka asilimia 5, hurudi kwa klabu zilizomlea tangu miaka kumi na miwili. Katika vikapu vya wanafunzi hakuna fedha za kuuziana, kwa hiyo hakuna kinachorudi. Chuo kidogo hulea miaka miwili, kikamfundisha mtu kuangalia juu badala ya kuangalia mpira, kisha kikasikia habari zake katika redio. Mimi nina rai yangu, na anayetaka anicheke. Chuo kikubwa kikimchukua mchezaji, kisilipe kitu. Kilete timu yake Kitui, au Wote, icheze mechi moja, nauli juu yake. Siku hiyo wanafunzi wa hapo watauona mchezo unaochezwa kikamilifu, na wageni nao wataijua barabara ambayo wenzao huifunga na kuifungua kila mwezi.

Jumamosi ikaja na masurufu hayakuja. Wasichana walichanga. Mmoja alileta shilingi mia mbili za sarafu, kocha akatia zake ambazo sikuthubutu kuuliza kiasi, nami nikatia zangu, tukakodi gari la abiria kwenda Machakos. Kati ya kumi, watatu walikuwa na mtihani wa darasa, wakabaki. Tulipokaribia Wamunyu gurudumu likapasuka. Wakati dereva akifungua misumari nilitembea mpaka kwenye kibanda cha wachongaji. Hapo ndipo nyumbani kwa ule uchongaji ambao Mombasa tunauona kila siku mikononi mwa wauzaji wa watalii, twiga na vijakazi wa mti, na mzee mmoja akaniambia bei anayouzia yeye, nami naijua bei ya mwisho. Sikumwambia.

Mchezo huu una sheria ambayo sikuwa nikiijua. Dakika kumi na tano zikipita baada ya saa ya kuanza, na timu haina watano wa kusimama uwanjani, hupoteza mechi kwa alama 20 kwa 0. Si aibu ya kushindwa. Ni aibu ya kutokuwapo, nayo huandikwa vile vile. Ndani ya gari kila mtu aliijua sheria hiyo isipokuwa mimi na dereva. Tulipoingia getini waamuzi walikuwa wamesimama katikati ya kiwanja, mmoja ameinua mkono wenye saa. Wasichana waliruka kutoka garini wakiwa wameshavaa, wa mwisho akifunga kamba za raba zake juu ya mstari. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

Walicheza saba. Robo ya tatu mmoja alishikwa na mkakamavu wa misuli, mama wa zahanati akambeba mgongoni. Robo ya nne wawili wakatolewa kwa makosa matano. Sheria inaruhusu kuendelea, wakaendelea, wanne dhidi ya watano, dakika tatu nzima, na katika dakika hizo tatu nilimwona mtoto wa kaka yangu akifanya jambo ambalo si mimi wala baba yake tuliyemfundisha: kila alipoupata mpira aliwatafuta wenzake kwanza, hata yule wa Mutomo aliyekuwa amechoka hata mikono haiinuki. Walifungwa 51 kwa 46. Safari hii dereva alileta stakabadhi ya mashine, imekunjwa vizuri katika kofia yake.

Jumapili jioni nilikwenda kuaga. Kocha alikuwa na mtu mpya uwanjani, msichana wa mpira wa wavu, mrefu, mwenye kuupiga mpira kana kwamba unamchoma. Na anayemwonyesha namna ya kuudundisha alikuwa mwanangu. Jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika daftari, kwenye nambari ya kumi na moja, kwa wino. Safu ya karo ilikuwa bado tupu. Kwenye nambari ya jina letu kocha hakuwa amegusa kitu.

Nilikuwa nimefika Kibwezi, nangojea basi la usiku, simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wake. "Ami, nimewauliza habari ya goti. Wamesoma, hawajajibu."